Catalina 30 ya Mwaka Gani?

Swali lilikuja kwa simu na sikuwa na jibu. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu ninunue boti yangu ya kwanza ya tanga, Catalina 30, iliyofungwa gatini Alameda, ndani ya Ghuba ya San Francisco. Dirisha moja la kebini lilikuwa likivuja. Nikampigia muuza vipuri, nikamwomba mpira wa dirisha la Catalina 30, nikidhani nimemaliza. Akaniuliza, "Ya mwaka gani?" Nikamjibu kwamba karatasi zinasema 1979. "Karatasi ziache kwanza," akasema. "Nenda nyuma ya boti, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Kuna namba pale. Nisomee."

Nikaenda na tochi na kitambaa, nikafuta chumvi na ukungu. Zikatokea herufi CTY, kisha tarakimu za bodi, yaani mwili wa boti, kisha M79A. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, halafu akasema boti yangu ilizaliwa Agosti 1978, na mpira wake anao.

Marekani ilianza kudai namba hiyo kwa kila boti mpya mwishoni mwa 1972. Herufi tatu za kwanza ni za mtengenezaji, zinazofuata ni za bodi yenyewe, na za mwisho ni tarehe. Katika mtindo wa zamani wenye M, mwaka wa kiwanda huanza Agosti: A ni Agosti, B ni Septemba, hivyo hivyo mpaka L ambayo ni Julai. Kwa hiyo boti ya mwaka 1979 yenye herufi A iliundwa Agosti ya 1978. Tangu Agosti 1984 hesabu ikageuka, A ikawa Januari. Asiyejua hilo anaweza kukosea kwa miezi mitano, na hata kuangukia mwaka mwingine, na kwa aina hii ya boti mwaka mmoja una uzito wake.

Tangu siku ile nimemiliki Catalina 30 mbili, na nimesafiri katika nyingine nyingi za marafiki, za miaka ya kwanza na za miaka ya mwisho. Nilidhani nimenunua jina. Kumbe nilikuwa nimenunua mwaka, pamoja na maamuzi yote yaliyokuwa yamefanywa kufikia mwaka huo na yale ambayo yalikuwa hayajafanywa bado.

Boti hii ilitoka California, kwenye kiwanda cha Frank Butler, katikati ya miaka ya 1970. Iliendelea kuundwa kwa zaidi ya miaka 30, na zikatoka zaidi ya 6,000. Bodi ni ya faiba. Urefu ni mita 9.12, upana mita 3.30, uzito takriban kilo 4,600, na kati ya hizo kilo 1,900 ni madini ya risasi ya mkuku, ule uti mzito wa chini ya boti. Upana ndio uliowavuta watu. Ukishuka ngazi unakuta chumba cha kukaa familia, meza ambayo jamaa watano wanaizunguka bila kugongana magoti, na mtu mrefu anasimama wima. Kwa boti ya urefu ule na kwa wakati ule, hiyo ilikuwa nafasi kubwa mno, na wengi walioinunua walikuwa watu wenye watoto, waliotaka kulala nanga ikiwa imetiwa na kurudi kazini Jumatatu.

Umbo lile la bodi halikuguswa sana kwa miaka yote. Ukiziona mbili kwa mbali, moja ya 1976 na nyingine ya 1996, utazijua kuwa ndugu. Mabadiliko yalikuja vipande vipande juu ya sitaha, ndani ya ngama, lile shimo la chini kabisa linalokusanya maji, chini ya mkuku, nyuma kwenye tezi. Mengi yalikuwa jibu la jambo fulani ambalo wenye boti walikuwa wamekutana nalo baharini. Hivyo ndivyo nilivyokuja kuyasoma, na hunisaidia kila ninapoingia kwenye boti nisiyoijua: nikiona kitu kimebadilishwa, najiuliza nani aliteseka kabla hakijabadilishwa.

Injini ndiyo iliyonifundisha hilo mapema. Boti yangu ya kwanza ilikuwa na Atomic 4, injini ya petroli ya silinda nne ambayo Wamarekani waliifunga kwenye boti za tanga kwa miongo mingi. Ni injini laini, haitikisi vikombe, na fundi yeyote aliyelelewa na magari ya zamani anaielewa. Ila ni petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka mpaka ngama na kutulia huko, na boti ina kuta pande zote. Hauna pa kutokea. Kabla ya kuwasha unatakiwa uendeshe feni ya kunyonya hewa kwa dakika nne nzima. Nilijizoeza kuzihesabu kwa saa, kisha nafungua kifuniko cha injini na kunusa kwa pua yangu mwenyewe kabla ya kugusa ufunguo. Wageni waliona nachelewesha safari. Niliwaacha waone hivyo.

Miaka ya 1980 ilipoanza, dizeli zikachukua nafasi, hasa za Universal zilizojengwa juu ya bloku za Kubota. Hapo hofu ya mvuke ikaisha, na ningeweza kusema kwamba mabadiliko hayo yalikuwa mazuri moja kwa moja kama nisingalikuwa kwenye boti ya rafiki yangu mmoja siku tuliyotoka nje ya daraja la Golden Gate.

Boti yake ilikuwa ya 1982, na dizeli yake ilikuwa ya silinda mbili, nguvu za farasi 11. Tulitoka asubuhi maji yakitulia, tukacheza nje kwa saa kadhaa, upepo ukatuacha. Tulipogeuka kurudi, maji yalikuwa yanatoka. Ghuba nzima, pamoja na mito miwili mikubwa inayoteremka kutoka bara, inapitia mlango ule mmoja, na maji ya kutoka pale hufika maili 4 au 5 za bahari kwa saa, siku nyingine zaidi. Rafiki yangu akasukuma gia mpaka mwisho. Boti ikawa inakata maji vizuri, mawimbi madogo yakipita ubavuni kana kwamba tunakwenda. Nikatazama mnara wa kusini wa daraja, nikatazama kilima nyuma yake. Havikusogea. Baada ya robo saa, mnara ulikuwa palepale. Baada ya nusu saa ulikuwa umesogea kidogo mbele yetu, maana yake sisi ndio tuliokuwa tukirudi nyuma.

Hakukuwa na hatari ya papo hapo. Bahari ilikuwa tulivu na mafuta yalitosha. Lakini meli za makontena hupita njia ile, na ukungu wa Golden Gate huja bila kubisha hodi. Tulikata kuelekea ufukweni, tukatafuta yale maji yanayozunguka kinyume karibu na nchi kavu, tukapanda nayo kidogo kidogo, na kusubiri. Tuliingia ndani giza likianza. Tangu hapo, mtu akiniambia Catalina yake ina dizeli, namuuliza ni dizeli ipi. Baadaye zilikuja za silinda tatu, M-25 ya nguvu 21 na M-25XP ya nguvu 23. Boti yangu ya pili, ya 1988, ina hiyo ya mwisho. Nikipita chini ya daraja lile na maji yanatoka, bado natazama ratiba ya maji kabla ya kutazama injini, lakini mnara unasogea.

Sasa niseme habari ya mkuku wa boti ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo nilipotumia pesa nyingi kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sehemu muhimu ya boti ni ile ambayo muuzaji hakuonyeshi.

Kwenye aina hii, bodi ya faiba inashuka katikati na kutengeneza kama kisiki kifupi, na mkuku wa risasi unaning'inia chini ya kisiki hicho kwa bolti ndefu zinazotokeza ndani ya ngama. Katika boti za miaka ya mwanzo, ndani ya kisiki hicho, kati ya tabaka la faiba la juu na la chini, waliweka mbao za plaiwudi. Ulikuwa utaratibu uliokubalika wakati ule: mbao inajaza unene bila kuongeza uzito na gharama, na ikiwa kavu inabana vizuri kabisa. Boti za baadaye zikajengwa kwa faiba tupu mahali hapo.

Aliyekuwa na boti yangu kabla yangu aliiacha miaka mingi na maji ya ngama. Yalikuwa machache, inchi moja au mbili, mvua ya dirisha lile linalovuja na matone ya shafti. Pampu haiwezi kunyonya inchi ya mwisho, na yeye hakujisumbua kuikausha kwa sponji. Maji yakakaa juu ya nati za bolti za mkuku mwaka baada ya mwaka, yakapata njia pembeni ya bolti, yakateremka kwenye mbao. Mimi nami niliyakuta, nikayaona, nikaona ni jambo la kawaida kwa boti ya umri ule. Miezi minane ilipita kabla sijaipandisha chelezoni, pale boti zinapotolewa majini kutengenezwa.

Ilipotundikwa kwenye mikanda ya winchi, niliiona mwenyewe: mahali mkuku unapokutana na bodi, upande wa mbele, kulikuwa na mstari uliofunguka na kupinda juu pande zote mbili, na kutu ikitiririka kutoka ndani. Wenye boti hizi wana jina lake, wanaliita tabasamu. Wakati mwingine tabasamu ni rangi na kijazio tu vilivyopasuka, na ukikaza nati vizuri na kuziba upya mambo yameisha. Fundi mkuu wa chelezo hakutaka kukisia. Alishuka ngamani akagonga kwa nyundo ndogo, akaniita niweke sikio. Kwenye faiba nzima sauti ilikuwa kavu na ya juu. Katikati ya bolti ya pili na ya nne ilikuwa nzito, kama unagonga kifuko cha mchanga. Akatoboa tundu dogo. Kilichotoka kilikuwa uji mweusi.

Kazi ilichukua wiki tano. Boti haikunyanyuliwa kutoka kwenye mkuku. Iliachwa ikalie mkuku wake chini, ikishikiliwa na vigingi pande zote, na sisi tukafanya kazi kutoka juu, ndani ya ngama, kipande kwa kipande. Unafungua nati za sehemu moja tu, unakata tabaka la juu la faiba, unachimbua mbao iliyooza mpaka ufikie faiba ya chini iliyo safi, unakausha, unasugua, kisha unajaza kwa vitambaa vya faiba na epoksi, tabaka juu ya tabaka, mpaka urudi usawa wa zamani. Ikishaganda, unaweka washa pana mpya na nati mpya za chuma kisichoshika kutu, ndipo unahamia sehemu inayofuata. Nilifanya sehemu kubwa kwa mikono yangu, nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya kebini, kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Fundi alikuja asubuhi na jioni kukagua, na mara mbili aliniamuru nichimbe tena mahali nilipodhani nimemaliza. Namshukuru kwa mara zote mbili.

Kisiki kile sasa ni faiba tupu kama cha boti iliyoundwa miaka kumi baadaye. Niliipunguzia boti yangu umri kwa sponji na patasi. Na ninaamini kabisa kwamba mbao ile ingekuwa bado nzima leo kama kuna mtu angeikausha ngama.

Kwa kuwa tayari tulikuwa chelezoni, tulibadilisha na vali za chini ya maji. Boti za mwanzo zilikuwa na vali za geti, zile za mabomba ya nyumbani, za kuzungusha mkono mara nyingi. Huwezi kujua kwa macho kama imefunga au imekwamia njiani na kokoto. Mbili kati ya zangu hazikufunga kabisa. Moja ilibaki na mkono wake kiganjani mwangu. Tukaweka za gololi, ambazo robo mzunguko tu inatosha na mkono wake unakuonyesha ilivyo. Kando ya kila moja nikafunga kwa uzi kizibo cha mti laini. Hilo halihitaji maelezo marefu: kama boti unayoitaka ina vali za zamani, hesabu gharama ya kuzibadilisha kabla hujataja bei.

Boti hiyo niliiuza baada ya miaka sita kwa sababu familia iliongezeka, na nikanunua ile ya 1988. Kwenye maongezi watu huiita Mk II, yaani toleo la pili. Mabadiliko ya katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyotangulia, na mtu anayaona kabla hajapanda: kokpiti ya nyuma imekuwa na umbo la herufi T, ili gurudumu la usukani lipate upana wake na watu waweze kulizunguka. Boti ya kwanza ilikuwa na kana, ule mti wa kushikia usukani kwa mkono. Gurudumu lilikuwepo kwa waliolitaka, lakini kokpiti ilikuwa imechorwa kwa ajili ya kana, na kwenye boti za zamani zenye gurudumu unalazimika kukanyaga viti kila unapotaka kufika nyuma.

Kila mtu nyumbani alilipenda gurudumu. Mimi nilichukua misimu miwili kuliamini. Kana inakupa habari. Boti hii ni pana, na boti pana ikilazwa sana na upepo huanza kutaka kuugeukia. Usukani unakuwa mzito. Kwa kana uzito huo unaupata begani, dakika ileile, na bega linakwambia punguza tanga. Kwa gurudumu kuna minyororo, waya na kapi kati yako na maji, na nguvu inayofika mkononi ni ndogo. Alasiri moja ya Julai tulikuwa tunavuka kutoka Sausalito kuelekea Berkeley. Majira ya joto mabonde ya bara hupata moto, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya bahari huvutwa ndani kupitia Golden Gate. Maili 20 na zaidi za upepo kwa saa ni jambo la kila alasiri pale. Nilikuwa na tanga kuu lote juu na gurudumu halikunilalamikia hata kidogo. Kisha likaja pigo moja la upepo, boti ikalala, usukani ukatoka nusu majini, omo, ile pua ya mbele, ikageuka yenyewe kuelekea upepo na matanga yote yakaanza kupigapiga kwa kishindo. Binti yangu mdogo alikuwa amekaa upande wa chini. Alishika waya wa mlingoti na hakuna kilichotokea zaidi ya maji kwenye viatu, lakini sura yake ninaikumbuka. Siku hizi napunguza tanga kuu nikiwa bado nyuma ya kisiwa cha Angel, kabla ya kuingia kwenye upepo, hata kama kwa wakati huo tunakwenda polepole.

Kuna na demani, kamba ya kuvuta na kulegeza tanga. Kwenye ya kwanza, reli ya demani ya tanga kuu ilipita nyuma kabisa ya kokpiti. Nikiwa na kana mkono mmoja, mkono wa pili uliifikia bila kuinuka. Kwenye ya pili imehamishiwa juu ya paa la kebini, mbele ya ngazi. Kokpiti imekuwa safi, watoto hawanaswi na kamba, na kivuli cha turubai kinafungwa bila kizuizi. Ila aliyeshika usukani hawezi tena kuilegeza demani mwenyewe. Siku lile pigo lilipokuja ningelegeza kwa kiganja kimoja kama ningekuwa kwenye boti ya zamani. Kwa mtu anayesafiri peke yake, nasema bila kusita, kokpiti ya zamani ni bora, na nimemshauri hivyo zaidi ya mtu mmoja aliyekuwa tayari kulipa nyongeza kwa sababu tu boti ni mpya zaidi.

Boti ya 1988 ilikuja pia na mkuku wa mbawa. Mkuku wa kawaida wa Catalina 30 unashuka mita 1.60 chini ya maji. Huu wa mbawa ni mfupi, kama mita 1.17, na chini kabisa una risasi iliyotanuka pande mbili. Kwa ghuba yenye matope mengi na kina kifupi, nilifurahi. Nikaipeleka sehemu ambazo nisingethubutu na ile ya kwanza, mpaka siku nilipokwama Richardson Bay.

Na boti ya kwanza nilikuwa nimekwama mara kadhaa, na dawa yake niliijua: watu wote wanakwenda upande mmoja, boti inalala, mkuku unainuka kidogo, unatoka kwa injini. Nikafanya vilevile. Hatukutoka, tulizidi kuzama. Mkuku wa mbawa ukiulaza, ubawa wa upande mmoja unachimba chini na kina kinaongezeka badala ya kupungua. Na ubawa ukishaingia kwenye tope laini, unashika kama nanga. Nilipoelewa, niliwarudisha watu katikati, nikaiacha boti isimame wima, nikajaribu kurudi nyuma kwa njia ileile tuliyoingilia. Haikutosha. Maji yalikuwa yanapwa. Tulikaa saa saba. Tulipika, tukalala kwa zamu, na maji yalipojaa tukaondoka taratibu bila kuvunja kitu. Mkuku huo ninaupenda bado. Naujua tu kwamba unadai uingie kwenye kina kifupi maji yakiwa yanajaa, kamwe yakiwa yanapwa.

Kosa jingine lilikuwa la tanga. Moja ya sifa za boti hii ni kwamba vitu vingi vya mwaka mmoja vinaingia mwaka mwingine, na soko la vifaa vilivyotumika ni kubwa. Nikaliona tanga kuu zuri, karibu jipya, bei ya chini, limeandikwa Catalina 30. Likaja kwa posta. Nikalipandisha mlingotini, na lilipofika juu kabisa, mti wa chini wa tanga ulikuwa bado umekalia paa la kebini. Lilikuwa refu kwa karibu sentimita 60. Tangu miaka ya mwanzo kiwanda kiliuza pia boti yenye mlingoti mrefu, kwa wanaoishi penye upepo mchache, na baadhi ya hizo zilikuwa na dasturi fupi, mti unaochomoza mbele. Jina ni lilelile. Mshona matanga alilikata na kulishona upya, na gharama yake pamoja na bei ya kwanza vilipita bei ya tanga jipya.

Mabadiliko ya mwisho makubwa yalikuja katika miaka ya 1990, kwenye Mk III. Tezi ilifunguliwa, ikawekwa kidaraja cha kukanyaga karibu na maji. Nilipoiona mara ya kwanza niliiona kama mtindo wa boti za kukodisha. Niliacha kufikiri hivyo kwenye ghuba ndogo ya Ayala, kisiwa cha Angel. Tulikuwa boti mbili zimefungwa pamoja, yangu na ya jirani yangu wa gatini, ya 1996. Mzee mmoja tuliyekuwa naye, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, aliteleza akitoka kwenye kidau na kuangukia majini. Maji ya ghuba ile ni baridi mwaka mzima. Dakika chache tu mikono inakataa kushika. Alikuwa karibu na boti yangu, na ngazi yangu ni ile nyembamba ya kuning'inia nje ya tezi iliyofungwa. Alijaribu mara mbili, mguu haukufika kwenye kipago cha chini. Jirani alimtupia kamba, tukamvuta mpaka nyuma ya ile ya 1996, watu wawili wakapiga magoti kwenye kidaraja, wakamshika chini ya kwapa na kumketisha. Haikuzidi dakika moja. Akavikwa blanketi, akapewa chai, akatetemeka kwa nusu saa.

Jumatatu iliyofuata nilipima tezi yangu. Kuikata na kuijenga upya ilikuwa zaidi ya uwezo wangu, kwa hiyo nilitengeneza ngazi pana inayokunjuka, yenye vipago viwili vinavyozama kabisa majini, na teki ya kapi nne inayoning'inia kwenye mti wa tanga kwa ajili ya kumwinua mtu. Tunaijaribu kila mwanzo wa msimu, na wanangu ndio wanaojitolea kuinuliwa.

Jumamosi hii naenda Richmond na dada mmoja anayetaka kununua. Boti anayoitaka ni ya 1986, mwaka ambao aina ya zamani na mpya zilipishana, na picha alizotumiwa zote zimepigwa kutoka omo. Namba ya nyuma aliisoma kwa simu jana usiku, kwa hiyo najua mwezi. Kwenye mfuko nimeshaweka tochi mbili, kioo kidogo cha kuonea chini ya injini, nyundo ya plastiki na sponji. Nimemwomba amwambie mwenye boti asiikaushe ngama kabla hatujafika.